Kiti cha Mbele ni cha Nani?

Kwa familia nyingi za Nairobi ninazozijua, kiti cha mbele cha gari kina itifaki yake. Mama akiwepo ni chake. Shosho akiwepo, mama anarudi nyuma bila kuambiwa. Wakiwa vijana watupu, aliyekitaja kwanza ndiye anayekaa, na aliyechelewa anabanwa katikati kule nyuma, magoti kifuani. Kiti hicho tunakitoa kama heshima, vile mzee anavyopewa firigisi kuku akichinjwa.

Swali ninalotaka kuuliza linahusu kiti hicho. Ukijua gari lako lina kasoro, kasoro ambayo hata aliyelitengeneza ameikiri hadharani, una deni gani kwa mtu unayempa kiti cha mbele? Na kama hujui, lakini ungeweza kujua kwa dakika tano na bando ya bob 20, je, kutojua kwako kunakuondolea lawama?

Kwanza tuelewane. Kampuni ya magari ikigundua kwamba aina fulani ya magari yake yana kasoro inayoweza kuumiza watu, inatangaza yarudishwe yatengenezwe bila malipo. Nitaliita tangazo hilo mwito, kwa sababu ni gari linaitwa nyumbani. Marekani msimamizi wa mambo haya ni idara ya serikali inayojulikana kwa herufi zake, NHTSA. Japani kuna wizara inayoshughulikia ardhi na uchukuzi. Mwenye gari anaandikiwa barua, anapewa siku, anapeleka gari, anasubiri kidogo, anarudi nalo nyumbani likiwa na kifaa kipya.

Lakini tazama barua hiyo inaandikiwa nani. Inaandikiwa mtu, kwa jina lake na anwani yake. Gari halina sanduku la posta.

Magari mengi tunayoyaendesha Kenya yalianza maisha Japani. Sheria yetu inataka gari la mtumba likiingia liwe halijapita miaka minane na usukani uwe kulia. Kabla halijapakiwa melini, usajili wake wa Japani unafutwa, na hati ya kuonyesha umefutwa ni moja ya karatasi zinazosafiri nalo mpaka Mombasa. Mwenye gari wa kwanza anabaki kule na jina lake. Mwito ukitolewa mwaka mmoja baadaye, barua haina pa kwenda. Na kama ulitolewa mapema, yule wa kwanza akaupuuza, basi kasoro inavuka bahari ndani ya gari lililooshwa likang'aa, linafika yadi ya Ngong Road, linawekewa bango la bei, na sisi tunauliza linakula mafuta kiasi gani.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Takata. Hii ilikuwa kampuni ya Japani iliyotengeneza eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka kutoka kwenye usukani na dashibodi gari likigonga. Ili mfuko ufumuke haraka, ndani kuna kopo la chuma lenye kemikali inayowaka ghafla na kutoa gesi. Takata ilitumia amoniamu naitreti, kemikali ambayo hutumika pia kwenye mbolea. Ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, kemikali hiyo inaharibika. Siku ya kugonga inawaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinaruka kuelekea waliokaa mbele.

Marekani peke yake eabegi takriban milioni 67 ziliitwa, katika magari ya kampuni 19. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la ulaghai katika mahakama ya Marekani, kwa kuwa ilikuwa imewapa watengenezaji wa magari matokeo ya majaribio yasiyo ya kweli, ikakubali kulipa dola bilioni 1. Mwaka huo huo ikafilisika. Na usidhani ni magari ya mbali. Honda CR-V, Nissan X-Trail, Subaru Forester: matoleo ya miaka fulani ya magari haya yalikuwa kwenye miito hiyo. Simama dakika kumi pale Thika Road uhesabu ngapi zinapita.

Julai 2017, jijini Sydney, dereva wa Honda CR-V ya mwaka 2007 aligongana na gari jingine akafa. Polisi walisema huenda alipigwa shingoni na kipande kidogo cha chuma kutoka kwenye eabegi. Miezi michache baadaye serikali ya Australia ikafanya mwito kuwa lazima: kampuni zikapewa mpaka mwisho wa 2020 kubadilisha kila eabegi iliyohusika, katika magari takriban milioni 3.

Nimetaja joto na unyevu kwa sababu. Marekani, maeneo yaliyopewa kipaumbele yalikuwa yale ya joto la jasho, kama Florida na pwani ya Ghuba ya Mexico. Sihitaji kuwa mwanakemia kufikiria gari lililozoea baridi ya Sapporo, kisha likahamia Mombasa, likawa linaegeshwa juani Nyali miaka kumi na mbili. Sisi hatutupi gari. Tunaliuza kwa mtu, naye anauzia mwingine, mpaka herufi za namba ya usajili zinachekesha.

Sasa, wenye magari husema nini wakisikia habari hizi? Nimekuwa nikiwasikiliza. Wapo wanaokasirika: tunaletewa takataka za watu! Wapo wanaocheka: mimi hii gari nimeendesha mpaka Lodwar na nikarudi, itaniua na nini saa hii? Wapo wanaomwachia Mungu. Na wapo ambao wanaenda kimya kidogo, kisha wanauliza, "Kwani hii gari naweza kuiuza pesa ngapi?"

Tusijidharau, ugonjwa huu si wa Wakenya tu. Juni 2016 NHTSA iliwaonya wenye magari ya zamani ya Honda na Acura, ikiwemo CR-V ya 2002 na Pilot ya 2003, kwamba baadhi ya eabegi za Takata zilizomo zilipasuka katika maabara kwa kiwango kinachofika asilimia 50. Waliambiwa wasiyaendeshe isipokuwa kuyapeleka yatengenezwe. Magari hayo yalikuwa yameitwa tangu kati ya 2008 na 2011. Bado takriban 313,000 hayakuwa yametengenezwa. Kule ambako barua inafika na matengenezo ni bure.

Naelewa kwa nini. Kasoro ya aina hii haiwashi taa yoyote kwenye dashibodi. Injini hailii, gari halivuti upande mmoja, fundi akilisikiliza anasema liko sawa. Na gari la juu, SUV, lina ushawishi wake. Ukiwa pale juu unaona mbali, mashimo hayakusumbui, hata matatu inakufikiria mara mbili kabla ya kukukata. Watu hulinunua ili familia iwe salama. Kumwambia mtu kwamba kitu alichonunua kwa ajili ya usalama ndicho chenye hatari, ni kama kumwambia askari wake wa geti ndiye anayeiba. Atakukasirikia wewe kwanza.

Mjomba wangu alinikasirikia mimi kwanza.

Ana gari la juu, la mtumba, ambalo aina yake sitaitaja. Alilinunua kwa mkopo wa sacco, na ana duka la vifaa vya ujenzi Kitengela. Wikendi analipakia familia kwenda ushago. Kwa kuwa mama yangu ni dada yake mkubwa, kiti cha mbele ni cha mama. Siku moja nilichukua logbuku yake nikanakili namba ya chasisi, nikaenda kwenye tovuti ya kampuni upande wa Japani, nikaiandika. Majibu yalikuja kwa Kijapani na simu ikayatafsiri kwa Kiswahili kibovu lakini kinachoeleweka: mkanda wa kiti cha abiria cha mbele, upande wa kushoto, huenda usishike gari likigonga. Mwito ulikuwa umetolewa. Matengenezo hayakuwa yamefanywa.

"Mjomba," nikamwambia, "mkanda wa mama haufai."

Alitoka nje, akafungua mlango, akauvuta ule mkanda, akaubana. Ukalia ka! "Sikia mwenyewe," akasema. "Hii ndiyo haifai?" Fundi wake akaitwa, naye akauvuta, ukalia tena. Wawili dhidi ya Kijapani cha simu.

Pale ndipo nilipomkumbuka Clifford. Mwaka 1877, Mwingereza W. K. Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa, alichapisha insha kuhusu maadili ya kuamini. Anaanza na mwenye meli. Meli yake ni kuukuu, imeshatengenezwa mara nyingi, na inakaribia kubeba familia zinazohamia ng'ambo. Mwenye meli ana wasiwasi. Anafikiria kuipeleka ikaguliwe, lakini ni gharama. Basi anajisemesha: imesafiri mara nyingi na kurudi, hata hii itarudi, Mungu hawezi kuziacha familia hizi zote. Taratibu wasiwasi unaisha, anaamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba meli ni nzima. Meli inazama, anachukua pesa za bima, ananyamaza.

Sote tunakubali ana hatia. Clifford anaendelea: tuseme meli haikuzama. Tuseme ilifika salama, safari hiyo na nyingine nyingi. Hatia yake imepungua? Anajibu kwamba haijapungua hata kidogo. Bahati ya matokeo haiwezi kurudi nyuma ikasafisha namna ulivyofikia imani yako. Aliamini kitu ambacho, kwa ushahidi uliokuwa mbele yake, hakuwa na haki ya kukiamini.

Hebu pima maneno ya yule aliyeenda Lodwar na kurudi. Ni mwenye meli mtupu. "Nimeendesha miaka minne na hakuna kitu kimefanyika" ni ukweli kuhusu jana. Mkanda na eabegi ni vitu vinavyofanya kazi siku moja tu katika maisha ya gari, na siku hiyo bado haijafika. Miaka minne bila kugonga haijaujaribu mkanda hata mara moja.

Tuna msemo tunaoukimbilia kwenye matanga: ajali haina kinga. Ni msemo wa kufariji, na kwenye matanga ni mahali pake. Lakini tunauleta mapema mno, kabla ya ajali, na hapo unakuwa ruhusa. Lori likikatika breki mbele yako pale Salgaa, hilo hukulijua. Kasoro iliyotangazwa, iliyopewa namba, inayosubiri mtu aandike herufi na tarakimu kwenye simu, hiyo imekuwa habari ambayo hujaichukua. Kutoichukua ni uamuzi kama uamuzi mwingine.

Mpaka hapo nakubaliana na Clifford. Kuanzia hapa nina tatizo naye, na ni mjomba aliyenionyesha.

Mwenye meli wa Clifford alikuwa na uwezo. Angeweza kuipeleka ikatengenezwa, aliona tu pesa ni nyingi. Mjomba alipeleka gari lake kwa duka kubwa linaloshughulika na aina hiyo ya magari, mahali ambapo mapokezi kuna kahawa na maua. Akaambiwa kwa upole kwamba gari halikununuliwa kwao, waache namba, watapigiwa. Hawakupigiwa. Spea mpya ya mkanda ni ya kuagiza, na bei yake ni karo ya muhula mmoja. "Sasa hiyo maadili yenu," akaniambia, "inauzwa rejareja ama jumla?"

Nilicheka, lakini ana hoja. Ni rahisi kuandika insha ya kumlaumu mwenye gari la mtumba. Hakutengeneza ule mkanda, hakuficha matokeo ya majaribio yoyote, na ndiye wa mwisho kuambiwa. Hata historia iko upande wake. Mwaka 1999 Ford ilianza kubadilisha matairi ya Firestone kwenye magari yake ya Explorer huko Saudia, baada ya matairi kuchanika na magari kupinduka. Wamarekani, wenye Explorer hiyo hiyo, walitangaziwa mwito wa matairi milioni 6.5 Agosti 2000, na vifo vilivyohusishwa na matairi hayo Marekani vilipita 200. Kilichojulikana upande mmoja wa mpaka hakikuvuka upande wa pili. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka huo huo: kampuni ikiita magari nchi nyingine, iwaarifu wakuu wa Marekani. Sheria nzuri, lakini inaleta habari kwao. Haikuandikwa kwa ajili ya dereva wa Kitengela.

Kwa hiyo tuseme wazi mzigo mkubwa ni wa nani. Ni wa anayetengeneza, wa anayeleta gari kwa biashara, na wa serikali. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya habari anazohitaji, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Haisemi haki hiyo inaisha kitu kikiwa cha mtumba.

Hata hivyo, mzigo kuwa wa mwingine hakufanyi mikono yako iwe mitupu. Kuna vitu vitatu ambavyo huwa tunavichanganya: kujua, kutengeneza na kusema. Kutengeneza kunaweza kukushinda, na anayeshindwa kwa kukosa pesa hastahili kuhubiriwa. Kujua hakukushindi, ni dakika tano. Na kusema hakuhitaji spea yoyote kutoka Japani. Mama angeweza kukaa nyuma siku ile ile. Alichohitaji ni kuambiwa, achague mwenyewe. Ukimnyima habari, umemchagulia, na umemchagulia kwa mwili wake.

Nilimwambia mama. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ile heshima yote," kisha akahamia nyuma ya dereva. Gari liliondoka na kiti cha mbele kikiwa na gunia la viazi.

Ningeishia hapo kama mjomba hangeamua kuuza.

Aliniita dukani akanipa simu yake. "Wewe ndiye msomi. Niandikie tangazo zuri." Unajua matangazo haya: mwaka wa gari, ukubwa wa injini, rangi, viti vya ngozi, limetunzwa na mwenyewe, nunua uendeshe. Niliandika hayo yote. Mwisho nikaongeza mstari: mkanda wa abiria wa mbele una mwito kutoka Japani ambao haujatekelezwa, uliza nikueleze.

Mjomba aliusoma mara mbili. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Mpwa wangu," akasema, "aliyeniuzia mimi aliniambia? Yadi iliniambia? Japani iliniambia? Watu wote hao wamenyamaza, wamekula pesa yangu, halafu ukweli uanzie kwangu? Na mkopo wa sacco nalipa mimi?"

Sijawahi kusikia hoja dhidi ya uaminifu iliyo na nguvu kuliko hii, na nimesoma vitabu kiasi. Ukweli una bei, na katika mnyororo wa wauzaji, anayeusema wa kwanza ndiye anayeilipa yote. Waliotangulia walipata bei ya gari zima, yeye apate bei ya gari lenye doa. Mtu akiita hiyo dhuluma, siwezi kumkatalia.

Lakini tazama deni liko wapi. Aliyemuuzia mjomba ana deni kwa mjomba. Labda yadi ina deni, labda kampuni ina deni. Atakayekuja Jumamosi na mke wake na mtoto, amevaa viatu vizuri ili asionekane hana pesa, huyo hana deni la mjomba hata senti. Mjomba akimuuzia kimya, atakuwa amelipisha deni lake kwa mtu ambaye hakuwahi kumkopa. Na huyo naye, siku akijua, atasema maneno yale yale: mimi niliambiwa? Kila mmoja kwenye mnyororo ana sababu nzuri. Gari linazidi kuzeeka, na kiti cha mbele kila mara kina mama wa mtu.

Nilimwambia hivyo, kwa maneno machache kuliko haya na kwa sauti ya mtu anayeongea na mjomba wake. Nikamwambia pia kwamba simu ni yake, anaweza kuufuta ule mstari, lakini siwezi kuufuta mimi. Kwenye grupu ya familia binamu mmoja aliandika kwamba nimesoma nikapotea. Mwingine akaniuliza kama nitamlipia mjomba sacco. Mama hakuandika kitu.

Mjomba hakuufuta. Sijui kama nilimshawishi au alichoka tu na mimi. Kwa wiki tatu walipiga simu watu wachache kuliko alivyotarajia. Mmoja alitaka apunguziwe 150,000 kwa sababu ya huo mkanda, bei ambayo ingenunua mikanda ya kutosha ukoo mzima. Mwingine alikuja Kitengela, akaliendesha, akalipenda, akaenda kufikiria. Hakununua. Ila kabla hajaondoka alitoa simu, akafungua picha ya logbuku ya gari lake la zamani, akaniuliza, "Hii namba unaiweka wapi?"

Tukaiweka pamoja, tumesimama kando ya mifuko ya simiti. Lake lilikuwa safi. Alipumua kama mtu aliyepokea majibu ya hospitali.

Sitasema kwamba hilo lililipa chochote. Mkopo wa sacco uko palepale, gari bado ni la mjomba, mkanda umeagizwa na haujafika. Lakini nimeona kitu nilichokuwa sijakiona kwenye hoja yake. Alikuwa sahihi kwamba ukweli ukianzia kwa mtu mmoja, mtu huyo anaumia. Maana yake ni kwamba tunamuumiza sisi, wanunuzi, tunaomwadhibu mwenye kusema na kumzawadia mwenye kunyamaza. Gari lenye tangazo la kimya tunaliona zima. Gari lenye mstari mmoja wa ukweli tunaliona bovu, wakati huenda ndilo pekee kati ya hayo yote ambalo mtu amejisumbua kulikagua.

Wengi wetu bado hatuna gari. Tutanunua miaka hii inayokuja, ama tayari tunatumwa na wazazi kuwatafutia moja mtandaoni kwa sababu sisi ndio tunajua simu. Tuko upande wa kuuliza. Kabla ya kuuliza linakula mafuta kiasi gani, omba namba ya chasisi. Muuzaji akikataa, umejua kitu. Akikupa, iangalie kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza, upande wa nchi gari lilikotoka. Ukikuta mwito haujatekelezwa, usikimbie kabla ya kuuliza ni wa nini na unatengenezwa kwa pesa ngapi, na ukipunguziwa bei, ipunguzwe kwa kiasi cha spea, si kwa kiasi cha woga. Wauzaji hujifunza haraka swali ambalo kila mnunuzi analiuliza. Wakilisikia mara nyingi, wataanza kuja na jibu, na aliyekuwa mkweli wa kwanza hatabaki peke yake na hasara yake.

Na kama gari tayari liko nyumbani, logbuku iko kwenye ile droo ya karatasi, chini ya vyeti na risiti za stima. Itoe leo jioni. Anayekaa mbele ana haki ya kujua kabla hajafunga mkanda.